Mama na Mafundi wa Darubini

Mama yangu alinunua miwani yake sokoni Kilungu, kwa mtu aliyeitandaza juu ya gunia pamoja na kofia na betri za tochi. Ulikuwa unachutama hapo, unajaribu moja baada ya nyingine, na ile iliyokubali macho yako ndiyo unayoondoka nayo. Mama hakutaka kudanganywa, kwa hivyo alibeba Biblia yake ya Kikamba. Akaifungua kwenye Zaburi ya ishirini na tatu, akaweka miwani puani, akasoma kuanzia kwa mchungaji mpaka nyumba ya Bwana bila kukwama hata mahali pamoja. Muuzaji akapiga makofi. Mama akarudi nyumbani ameinua kichwa kama mtu aliyeshinda kesi.

Zaburi hiyo alikuwa ameihifadhi kichwani tangu akiwa msichana mdogo, kabla hata hajafundishwa kusoma.

Aliivaa miwani hiyo kwa muda mrefu na kuisifu kila mahali. Akimimina chai, nusu inaingia kikombeni na nusu mezani, naye anasema meza siku hizi zinatengenezwa vibaya. Siku moja alisimama njiani akaamkia kichuguu, akakiuliza habari za watoto. Hayo yote tuliyacheka. Lakini msimu mmoja wa palizi aliamka mapema, akalima shamba lake la kunde kwa bidii mpaka adhuhuri, na wifi yangu alipompelekea uji alikuta kunde zote zimeng'olewa na kupangwa vizuri kando, na magugu yamesimama kwa mistari, yamepaliliwa safi. Wifi akanitumia ujumbe: njoo umchukue mama yako kabla hajatulisha majani.

Wakati huo nilikuwa naishi Makindu. Mume wangu alifanya kazi ya reli na alikuwa nyumbani siku chache kwa mwezi, watoto walikuwa shule za bweni, na mimi nilikuwa na kibanda cha kushona nguo kando ya barabara ya Mombasa. Nilimleta mama tukakaa naye. Juma lilelile nikampeleka kliniki.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alimmulika mama jicho hili, akamulika lile, akazima tochi.

"Mama, una mtoto wa jicho," akasema. "Macho yote mawili."

Mama akamgeukia daktari. "Mume wangu amekufa miaka mingi," akasema, "na wewe unaniambia nina watoto. Tena mapacha?"

Daktari alicheka mpaka akashika meza. Kisha akatueleza kwamba ndani ya jicho kuna kitu kama kioo kidogo, na cha mama kimeingia ukungu. Miwani peke yake haiwezi kusaidia. Ukungu lazima utolewe kwa kisu, na upande wa Kitui kulikuwa na hospitali ya misheni iliyokuwa ikiifanya kazi hiyo kila mwezi. Mama akamshukuru kwa heshima zote, akanishika mkono, tukatoka. Tulipofika barabarani akasema, "Jicho si jipu. Halipasuliwi." Na hapo mazungumzo yakaisha. Nilijaribu tena usiku huo na juma lililofuata, na kila mara aliniuliza kama ndengu zimeiva.

Huo ulikuwa mwaka wa tisini na tatu. Redio yetu ilikaa kwenye rafu juu ya cherehani yangu, na mama alikaa chini yake siku nzima akichambua ndengu kwa vidole. Kwa kazi hiyo hakuhitaji macho, jiwe alilijua kwa kuligusa. Mvua za mwisho wa mwaka zilikuwa zimeanza, wateja walikuwa wachache, na mchana mmoja mtangazaji wa habari za Kiswahili akaanza kueleza habari ya darubini ya Waamerika.

Alisema ni darubini kubwa kama basi, imepelekwa angani ili itazame nyota za mbali, na tangu ifike huko imekuwa haioni vizuri. Kioo chake kilisagwa vibaya, kwa kosa dogo kuliko unene wa unywele. Sasa watu saba wangepanda angani kuifuata na kuifungia vioo vingine vidogo vya kurekebisha macho yake, kama mtu anavyovalishwa miwani.

Ungo wa ndengu ulishuka chini polepole.

"Waliuziwa miwani mbaya!" mama akasema. "Wao pia!"

"Mwaitu," nikamwambia, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba, "si miwani. Ni kioo."

"Kioo cha kuonea kama si miwani ni nini?"

Sikuwa nimemwona mama akifurahi vile tangu mimba yangu ya kwanza. Si kwamba aliwacheka Waamerika, la. Aliwahurumia, kama unavyomhurumia mtu mliyeumwa naye na nyoka mmoja. Kutoka siku hiyo kila mteja aliyekuja kupimwa gauni alisimuliwa habari ya darubini kabla sijafika kiunoni. Na maswali hayakuisha. Kwa nini wasiishushe, waitengeneze chini, wairudishe? Mafundi watashika wapi wakiwa huko juu? Na kama spana itaanguka, itamwangukia nani?

Kisha siku moja akasema, "Nataka kuwaona wakiondoka."

"Utaona nini, mwaitu, na macho hayo?"

"Nitaona nitakachoona. Kilichobaki utanisimulia."

Habari ikafika kanisani kabla yetu. Jumapili, baada ya ibada, kiongozi wa akina mama alimweka mama kando na kumwonya kwamba kupanda mbinguni kwa chombo ni mambo ya mnara wa Babeli. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Wale wa Babeli walitaka kumfikia Mungu," akajibu. "Hawa wanaenda kurekebisha jicho. Hata Yesu alirekebisha jicho la mtu, tena kwa mate na udongo."

"Haya," yule mama akasema, "na wewe nenda ukarekebishwe lako."

Mama akamwuliza kama ndengu zake zimeiva.

Makindu nzima, kadiri tulivyojua sisi, dishi la kunasa televisheni za ng'ambo lilikuwa moja tu, na lilikuwa nyuma ya hoteli ya Hajji, milango michache kutoka kwangu. Hajji alitoka upande wa Garissa. Hoteli yake ilipika pilau na nyama ya mbuzi, na wenye malori wa Mombasa walikuwa wakisimama hapo mchana kula na kutazama video za karate. Mbuzi alikuwa anawanunua mwenyewe huku Ukambani na kuwauza mpaka Mombasa. Dishi lenyewe lilikuwa la wavu mweusi, pana kama paa la banda, limesimama juu ya bomba la chuma, na kuku wa Hajji walilala chini yake kukwepa jua.

Nilikuwa nimedhani alilinunua kwa ajili ya wateja. Tulipokwenda kumwomba, mama ameshika mkono wangu, ndipo nilipojua.

"Dada zangu wawili wako ng'ambo ya mpaka," Hajji akatuambia. "Vita vilipoanza, hakuna simu, hakuna barua. Nikasikia kuna stesheni ya Waamerika inaonyesha vita moja kwa moja, nikaleta dishi. Kila asubuhi naifungua nikitafuta nyuso zao kwenye ule umati. Sijawaona bado."

Mama akasema, "Mungu awashike walipo."

"Amina. Sasa, mama, unataka kuona nini kwenye stesheni hiyo?"

Mama akamweleza. Alimweleza kila kitu, kioo, unywele, mafundi saba. Hajji alicheka kicheko kinene cha kutoka tumboni.

"Basi njoo," akasema. "Itakuwa mara yangu ya kwanza kuifungua bila kuogopa."

Siku ya kwanza tulikaa meza ya mbele kabisa, mama amevaa kitambaa chake cha kanisa. Kulikuwa na wanaume kama kumi hivi wakila, wengi wao madereva. Hajji alipozima video ya karate walilalamika, lakini alipowaambia mgeni wake mwenye kitambaa cheupe ndiye aliyeomba, wakatulia. Kwenye kioo tukaona giza na, katikati ya giza, kitu kirefu cheupe kilichomulikwa kwa taa.

"Mbona kwao ni usiku?" mama akauliza.

"Jua letu bado halijafika kwao," Hajji akasema. "Tunalitumia sisi kwanza."

Mtangazaji alisema Kiingereza cha haraka, na mimi nilikuwa mkalimani. Nilisoma mpaka kidato cha nne, lakini kidato cha nne hakikuniandaa kwa kazi ile. Nilimwambia mama nilichokielewa, na nisichokielewa nilimwambia kwamba wanakagua mabomba. Walikagua mabomba kwa muda mrefu sana. Kile kitu cheupe kilikaa palepale. Dereva mmoja mnene, aliyekuwa akisafirisha mafuta ya kupikia, akasukuma sahani yake.

"Hii filamu ina shida," akasema. "Hakuna anayepigwa."

Kisha nikasikia neno ninalolijua. Upepo. Kulikuwa na upepo mbaya pale uwanjani, na safari imeahirishwa mpaka kesho.

Hoteli ikaangua kicheko. Yule dereva ndiye aliyecheka zaidi. "Chombo cha kwenda mbinguni kinaogopa upepo!"

Mama akageukia sauti yake. "Wewe umebeba mafuta, sivyo? Ukikuta mto umefurika juu ya daraja, unaingia?"

"Siingii, mama."

"Basi nyamaza ule."

Njiani kurudi nyumbani nilidhani amevunjika moyo. Badala yake alitembea kwa madaha. Alisema watu wanaokubali kuchekwa na dunia nzima kuliko kuondoka kwenye upepo ni mafundi wa kweli, na kwamba angewakabidhi hata ng'ombe wake.

Jioni ile upepo ukaja kwetu pia, na mvua nyuma yake. Mabati yalipiga kelele mpaka tukashindwa kusikia redio. Asubuhi barabara ilikuwa imejaa matawi, na adhuhuri, tulipofika kwa Hajji, tulimkuta amesimama mbele ya televisheni mikono kiunoni. Kwenye kioo hamkuwa na chochote ila chenga nyeupe zinazocheza. Upepo ulikuwa umelisukuma dishi na kukata bolti lililolishika.

Yule dereva wa mafuta alikuwa bado yupo, lori lake lilikuwa kwa fundi. Akajitolea kusimama kwenye mlango wa nyuma apitishe maneno. Hajji akaenda uani, akalikumbatia bomba la dishi, akaanza kulizungusha. Na hapo ndipo fujo ilipoanza, kwa sababu kila mtu hotelini alikuwa anaona kitu chake kwenye zile chenga.

"Hapo! Nimeona kichwa cha mtu!"

"Kichwa gani? Bado! Zungusha!"

"Rudisha, rudisha, umepita!"

Dereva akapiga kelele zote tatu kwa pamoja kuelekea uani, na Hajji akazungusha huku na huku kama mtu anayesonga ugali. Saa ilikuwa inakwenda. Nilikuwa karibu kumwambia mama turudi nyumbani.

Mama akasimama. "Nyamazeni wote," akasema. "Ongezeni sauti."

Mtu akaiongeza. Hoteli nzima ikajaa mvumo kama wa mvua kwenye mahindi makavu. Mama akasogea mpaka karibu na televisheni, akaitegea sikio badala ya uso, akafumba macho.

"Mwambie aende upande wa reli. Polepole."

Dereva akamwambia.

"Kuna mtu anaongea huko ndani," mama akasema. "Yuko mbali. Aende tena. Tena kidogo... Amempita. Arudi. Polepole, jamani, halimi shamba! Huyo. Huyo anakaribia. Shika! Mwambie ashike hapo hapo!"

Mimi mwenyewe sikuwa nimesikia kitu mpaka wakati huo. Mvumo ukakatika, sauti ya Mwamerika ikatoka wazi, na mara kile kitu cheupe kikasimama tena mbele yetu katikati ya giza lao. Watu walipiga meza kwa vikombe. Dereva akamwamkia mama kwa kuinama kama anayemwamkia chifu.

"Asiache!" mama akasema. "Mwambie Hajji asiache hilo bomba!"

Bolti lilikuwa limekatika, kwa hivyo kitu pekee kilichoshika dishi ni mikono ya Hajji. Akajibu kutoka uani kwamba ameshika.

Wakaanza kuhesabu kurudi nyuma. Nilimtafsiria mama kwa sauti, kumi, tisa, nane, na madereva wakaanza kuhesabu pamoja nami, kila mmoja kwa lugha ya kwao, mpaka hapakuwa na namba iliyosikika vizuri. Kisha chini ya kile chombo kukawaka. Mwanzoni ilikuwa cheche tu, halafu moto, halafu kioo chote kikawa cheupe, na usiku wao ukageuka mchana. Mngurumo ulikuwa mkubwa kuliko spika ya televisheni ile, ikawa inakoroma kama mtu aliyepaliwa. Chombo kikainuka. Nilikuwa nimedhani kitaruka kama risasi, lakini mwanzoni kiliinuka taratibu, kama mama mjamzito anavyoinuka kutoka chini.

Mama alikuwa amenibana mkono mpaka ukafa ganzi.

"Ngai, Mungu wangu," akasema. "Nimeuona."

"Umeona nini, mwaitu?"

"Mwanga. Umepanda. Ulikuwa hapa chini, sasa uko huku." Akaonyesha kwa kidole, na kidole chake kilikuwa palepale moto ulipokuwa. Kilipanda pamoja nao, kikavuka ukingo wa televisheni, kikaendelea kupanda ukutani juu ya kalenda.

Hakuna aliyecheka. Dereva wa mafuta alikuwa ameacha mlango na kuja kusimama nyuma yetu, mdomo wazi. Tulitazama mpaka ule moto ukawa nukta, na nukta ikawa kama nyota nyingine yoyote.

"Sasa je?" sauti ikatoka uani. "Bado hawajaondoka? Mikono inaniuma!"

Tulikuwa tumemsahau. Hajji, mwenye hoteli, mwenye televisheni, mwenye dishi, alikuwa amesimama kwenye matope na kuku wake, amekumbatia bomba, uso ukutani, na hakuwa ameona hata cheche.

Mama ndiye aliyekwenda. Alipapasa meza mpaka mlangoni, akakaa kwenye ngazi ya nyuma, akamsimulia. Alimwambia kwamba kwanza kulikuwa na giza totoro na watu wamenyamaza. Kisha moto ukatoka chini ya chombo, moto mweupe, si mwekundu, kama wa fundi wa kuchomelea vyuma lakini mkubwa kama Makindu yote. Chombo kikakataa kidogo kuondoka, kama ng'ombe anayevutwa kamba, halafu kikakubali. Kikapanda kikiwa kimesimama wima, hakikuyumba, na wingu likabaki nyuma kama mkia. Alimwambia watu saba walikuwa wameketi ndani wakiomba. Hilo hakuna aliyelitangaza, lakini mama alisema lilikuwa wazi.

"Kulikuwa na mwangaza kiasi gani?" Hajji akauliza. Alikuwa bado ameshika bomba.

"Kiasi kwamba hata mimi nimeuona," mama akasema.

Hajji akaliachia dishi. Hotelini, chenga zikarudi, na mtu akaweka video ya karate.

Bolti jipya likapatikana, na kwa siku zilizofuata Hajji alikuwa akipiga kelele barabarani kila habari za darubini zilipotokea, "Mama! Njoo, mafundi wako!" Tulikuwa tunaacha kila kitu na kukimbia, mama mkononi mwangu na sindano mdomoni. Asubuhi moja tuliwakuta wako nje kabisa ya chombo, wamevaa manguo meupe manene, na mmoja wao alikuwa mwanamke.

"Mwanamke?" mama akauliza. "Una hakika?"

"Wamesema ni mwanamke, mwaitu. Amesimama juu ya mkono mrefu wa chuma. Ameshika kitu kama bati kubwa, limepinda, ni la kutupwa."

"Anafanya nini nalo?"

"Ameliachia sasa hivi. Linakwenda lenyewe. Linapigapiga kama mabawa."

"Na chini yake kuna nini?"

"Hakuna kitu. Dunia, mbali sana."

"Mbona hatetemeki?"

Nilifungua mdomo nieleze habari za mafunzo na kamba za usalama, lakini Hajji, aliyekuwa akifuta meza nyuma yetu, alitangulia.

"Labda anatetemeka, mama," akasema. "Nguo ni nene, sisi hatuwezi kuona."

Mama akacheka. Halafu akaacha kucheka, na siku ile hakusema mengi tena.

Mafundi wakarudi salama. Krismasi ikaja na muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa, na jogoo, mume wangu akaja na watoto wakaja. Mama alikuwa mchangamfu, ila aliniuliza kila siku kama redio imesema chochote. Yaani, darubini inaona sasa, au haioni? Nilimwambia wanasubiri kuijaribu. Alisema hiyo ni haki, naye angesubiri.

Mwezi wa Januari wakatangaza. Mtangazaji alisema picha za kwanza zimeshuka, na nyota ambazo zamani zilionekana kama zimepakwa mafuta sasa zinaonekana moja moja, safi. Nilikuwa nashona sare za shule. Nilisimamisha cherehani nimwangalie mama. Alikuwa ameinamia ungo, vidole vinatembea.

"Ile hospitali ya Kitui," akasema bila kuinua kichwa, "wanalaza mtu siku ngapi?"

Hajji ndiye aliyetupeleka, kwa pikapu yake, maana alikuwa na safari ya mbuzi upande huo. Usiku wa kuamkia kisu nililala chini kando ya kitanda cha mama, na niliposhika mkono wake ulikuwa unatetemeka waziwazi. Asubuhi walipokuja kumchukua aliwaambia manesi wampe blanketi zito, baridi ya Kitui haimpendi. Kitui, mwezi wa Januari.

Walifanya jicho la kulia tu. La kushoto, daktari alisema, lilikuwa na ugonjwa mwingine nyuma yake na lingebaki kama lilivyo, na kweli mpaka mama anakufa lilibaki hivyo. Lakini la kulia lilikubali. Siku ya kufungua bandeji alipewa miwani nzito kama kitako cha chupa ya soda. Akanitazama kwa muda mrefu. Nilikuwa nimejiandaa kulia.

"Umenenepa," akasema. "Na hiyo blauzi, mshono wa bega umepinda. Watu wanakulipa kwa kazi hiyo?"

Hajji alikuja kutuchukua baada ya siku chache, na njiani akasimama sokoni Kwa Vonza, alikokuwa amewaacha mbuzi aliowanunua asubuhi. Tulishuka tunyooshe miguu. Jua lilikuwa kali na soko limejaa, na mama alisimama kando ya pikapu akisoma kila kitu kwa sauti. Alisoma mabango ya maduka, maneno ya kwenye magunia, tangazo la mkutano wa injili uliokuwa umeshapita. Hajji akazunguka kutoka upande wa dereva, akaja kumwuliza kama anataka chai.

Mama akamtazama juu mpaka chini.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni Hajji, mama."

"Hajji yupi? Hajji ni mzee!"

Alikuwa na miaka arobaini hivi, ndevu nyeusi tii. Kumbe kwa miezi yote ile, kwa ile sauti nene na jina lile la heshima, mama alikuwa amemwekea kichwani mvi, mkongojo na wajukuu. Ndiyo maana alikuwa akimwamkia kwa kuinama. Hajji alicheka mpaka akaegemea pikapu, na mama akampiga kofi la begani.

"Nimekuheshimu bure," akasema. "Wewe ni rika la watoto wangu. Nionyeshe mbuzi wako."

Hajji akamwonyesha. Walikuwa wamefungwa nyuma ya duka, wanane au tisa, wazuri wa kutazamwa. Mama akapita katikati yao, akawafungua midomo mmoja mmoja na kuwachungulia meno kwa lile jicho lake jipya, miwani ikiteleza puani. Kwa beberu mmoja mwekundu alikawia.

"Huyu umeambiwa ana umri gani?"

"Mdogo, mama. Miaka miwili."

"Huyu ana wajukuu," mama akasema. "Aliyekuuzia yuko wapi? Twende."

Akamshika Hajji mkono wa kanzu, wakaingia sokoni pamoja na beberu, na mimi nikakaa kwenye kivuli cha pikapu kuwangoja.